Profesa Thomas Odhiambo: Mtu Aliyewasoma Wadudu Kabla ya Kuwapiga

Mtu atokaye mjini Gisenyi, akauacha ufuko wa Ziwa Kivu nyuma yake na kupanda kuelekea kaskazini, huona ardhi ikigeuka rangi chini ya miguu yake. Udongo unakuwa mweusi na mwepesi, wenye changarawe za volkano, na kila kipande chake kimelimwa: viazi, vitunguu, karoti, kabichi, na hapa na pale katika nyanda hizo za juu maua meupe ya pareto. Ndiyo nchi ya Busasamana, katika wilaya ambayo leo yaitwa Rubavu, mpakani kabisa na Kongo.

Huko tulimkuta mama mmoja bustanini mwake, jua halijapanda, ameinama juu ya tuta la kabichi. Hakuwa na bomba la dawa mgongoni. Alikuwa akifunua jani moja baada ya jingine, akitazama upande wa chini, kisha akifinya kitu kwa kidole gumba. Tulipomwamkia na kumwuliza kazi yake, alitueleza kuwa anawatafuta viwavi kabla hawajawa wengi. Lakini si wote anaowaua. Wale waliobebana na vijifuko vyeupe mfano wa chembe za mchele huwaacha, kwa kuwa ameona mwenyewe kwamba katika vijifuko hivyo hutoka kidudu chembamba chenye mbawa, naye kiwavi hufa bila ya kuguswa na mtu.

Mama huyo alituambia hajapata kulisikia jina la Thomas Risley Odhiambo. Wala hatumlaumu, kwani hata miongoni mwa wasomi wetu wengi jina hilo limeanza kusahauliwa. Hata hivyo, jambo alilokuwa akilifanya alfajiri ile, yaani kumtazama mdudu kwa makini, kumtofautisha adui na rafiki, na ndipo kuamua, ndilo jambo ambalo marehemu Profesa Odhiambo alilifanyia kazi maisha yake yote, akalijengea chuo, na kuwalazimisha wataalamu wa dunia nzima waje kulijifunza hapa kwetu Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyo twaona inafaa kumsimulia.

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Masomo yake aliyapata katika shule ya Maseno, karibu na Kisumu, shule iliyowatoa viongozi wengi wa Kenya, kisha akaenda Makerere, ambako wakati ule vijana hodari wa nchi zetu zote za Afrika Mashariki walikutana. Alipomaliza aliajiriwa Uganda katika idara ya kilimo, upande wa elimu ya wadudu. Hizo zilikuwa siku za ukoloni, katika miaka ya 1950, na Mwafrika aliyeingia katika kazi ya namna hiyo kwa kawaida alitazamiwa kuwa msaidizi: kukusanya wadudu, kuwapigilia pini, kubandika vibandiko na kumpelekea bwana mkubwa. Odhiambo aliifanya kazi hiyo ya kukusanya, tena kwa bidii kubwa, hata akaja kuandika yeye mwenyewe maelezo ya kitaalamu juu ya jamii nzima ya wadudu wanyonyao mimea ambao walikuwa hawajapangwa vizuri katika vitabu.

Lakini kuna andiko lake moja la siku hizo ambalo sisi twalipenda zaidi ya mengine. Lilichapishwa mwaka 1959, nalo lahusu kunguni mmoja wa mashambani, ambaye wataalamu humwita Rhinocoris albospilus. Kunguni huyu si wa kitandani, wala hana haja na damu yetu. Ni mwindaji. Ana mdomo mgumu mfano wa sindano iliyopinda, na kwa sindano hiyo huwachoma viwavi na wadudu wengine, huwatia sumu, kisha huwanyonya hata wakabaki maganda matupu. Mkulima asiyemjua humwona ni mdudu mbaya na kumponda. Odhiambo alikaa akamtazama, akagundua ajabu: katika jamii hii, ulezi ni kazi ya dume. Majike hutaga mayai na kwenda zao, naye dume hubaki ameyafunika na kuyalinda, akiwafukuza nyigu wadogo sana wanaotaka kuingiza mayai yao ndani ya mayai yale. Msomaji na afikiri kidogo. Hapo pana mwindaji anayemla adui wa mkulima, na nyigu anayemla mwindaji, na baba anayewalinda wanawe, na yote hayo hutokea juu ya mmea mmoja ambao mtu mwenye bomba la sumu angeuosha wote kwa dakika moja bila ya kujua ni vita gani alivyoviharibu.

Hapa tutasimama kidogo na kusema habari yetu wenyewe. Tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha maofisa tulikuwa na bustani ya mboga kwa ajili ya jiko letu, na tulipewa amri ya kunyunyizia dawa kila Jumamosi, wadudu wawepo wasiwepo. Tulitii. Wiki za kwanza sukumawiki zilikuwa safi. Kisha vidukari, wale wadudu laini wa kijani wanaonyonya utomvu, wakarudi kwa wingi ambao hatujapata kuuona, majani yakajikunja kama karatasi iliyoloa. Mzee mmoja aliyekuwa akitupikia ndiye aliyetuonyesha kwamba vile vidudu vyekundu vyenye madoa meusi mgongoni, ambavyo awali vilijaa bustanini, havikuwako tena hata kimoja. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vikila vidukari, nasi tulikuwa tumeviua. Vidukari huzaana upesi kuliko walaji wao, basi anayewaua wote pamoja huwapa vidukari uwanja mtupu. Darasani wiki ile ile tulikuwa tukifundishwa kwamba askari asiyejua waliopo mbele yake asifyatue risasi, maana huenda ni doria ya kwao. Hakuna aliyeliunganisha somo hilo na bustani ya mboga.

Turejee kwa Odhiambo. Mwaka 1959 alikwenda Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akasoma chini ya Sir Vincent Wigglesworth, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia katika elimu ya namna mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Huko alimchagua adui mkubwa kuliko wote waijuao nchi zetu, yaani nzige wa jangwani. Alichunguza tezi ndogo sana zilizo nyuma ya ubongo wa nzige dume, na namna maji yatokayo katika tezi hizo yanavyotawala kukomaa kwake na uzazi wake. Mwaka 1965 alipata shahada ya udaktari. Watu wengi waweza kuuliza kwamba tezi ya nzige yamfaa nini mkulima wa kabichi. Jibu ni kwamba mdudu akijulikana kwa undani kiasi hicho, hubainika mahali alipo dhaifu. Huenda ikawa ni harufu anayoifuata jike wake, au siku anayojivua gamba, au mmea anaoupenda kuliko ule wetu. Palipo na udhaifu huo hapana haja ya kumwaga sumu shamba zima.

Aliporudi Nairobi mwaka huo wa 1965 kufundisha katika chuo kikuu, angeweza kuridhika. Wakenya wenye shahada kama yake walikuwa wachache mno. Badala yake, mwaka 1967 aliandika katika gazeti la kisayansi la Marekani liitwalo Science makala juu ya sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi changa zisijaribu kufanya kila kitu vibaya, bali zichague mambo machache yanayozihusu na kuyafanya kwa kiwango cha juu kabisa. Na jambo mojawapo alilolitaja lilikuwa wadudu, kwa kuwa ukanda wetu wa joto ndio makao yao, na hasara yao ni yetu sisi kabla haijawa ya mtu mwingine.

Makala hayo yalifika mbali. Miongoni mwa waliovutiwa na fikira ya namna hiyo alikuwa Carl Djerassi wa Chuo Kikuu cha Stanford, mkemia yule aliyeshiriki katika kutengeneza vidonge vya kupanga uzazi, ambaye naye alikuwa akifikiria vituo vya utafiti vya hali ya juu katika nchi zinazoendelea. Vyuo vya sayansi vya nchi mbalimbali vikaungana kusaidia, na mwaka 1970 kikaanzishwa Nairobi Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, ambacho wengi hukijua kwa herufi zake, ICIPE. Odhiambo akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Wakati huo huo, chuo kikuu cha Nairobi kiliposimama peke yake mwaka huo, yeye ndiye aliyekuwa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo.

Kituo hakikuanza na majumba. Kilianza katika majengo duni ya Chiromo, na wataalamu wakuu walikuwa wageni waliokuja na kuondoka, huku vijana wa Kiafrika wakifanya utafiti chini yao. Mpango huo ulikuwa wa makusudi: vijana wajifunze kwa mabingwa, kisha wachukue nafasi. Mwaka 1983 ukaanzishwa mpango wa kuwafundisha Waafrika shahada za juu za elimu ya wadudu kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya bara zima, na waliopitia humo wametapakaa leo katika wizara na vituo vya utafiti vya Afrika. Kituo kilipata makao makubwa Kasarani, mahali walipopabatiza jina la Duduville, na kingine Mbita, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, ambako wataalamu walifanya majaribio yao si katika chupa tu bali katika mashamba ya wanavijiji.

Inafaa tueleze dunia ilivyokuwa wakati huo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, DDT na ndugu zake zilionekana kuwa mwisho wa habari. Lakini mwaka 1953, huko Java, nondo mdogo wa kabichi, yule mwenye alama za umbo la almasi mgongoni, alikuwa amekwisha zoea DDT, naye ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kati ya wadudu wa mazao kuishinda dawa hiyo shambani. Tangu hapo amezizoea dawa nyingi nyingine, moja baada ya moja. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani alitoa kitabu kilichowaonyesha watu namna sumu hizo zinavyopita kutoka kwa mdudu hadi kwa ndege na samaki. Kwa mkulima wetu mdogo shida ilikuwa nyingine tena: dawa ni ghali, maelezo yake yameandikwa kwa lugha asiyoijua, hana glovu wala kinyago, na kopo tupu huenda likatumika kuchotea maji. Odhiambo hakuwa mtu wa kuhubiri dhidi ya kemia, kwani mwenyewe aliitumia kila siku. Alichokataa ni kwamba kupiga ndiyo iwe hatua ya kwanza.

Wapo watakaotuambia kwamba Busasamana haina haja ya kufundishwa haya, kwa kuwa pareto inalimwa katika wilaya za Rubavu, Nyabihu, Musanze na Burera, nayo ni dawa ya asili. Ni kweli, na ni fahari. Ua hilo likikaushwa na kusagwa hutoa sumu inayomwangusha mdudu upesi na kuvunjika upesi mbele ya jua, hivyo haidumu juu ya mboga kama zile za viwandani. Lakini asili si huruma. Pareto haimwulizi mdudu jina lake, na yule kunguni baba mwema wa Odhiambo, na nyigu, na nyuki, wote huanguka pamoja na kiwavi iwapo itanyunyizwa ovyo mchana. Anayeitumia, heri aitumie jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na mahali palipoharibika tu. Tena tusisahau kwamba mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu hekta 10,000 za msitu wa Mbuga ya Volkano zilikatwa ili kupanda ua hilo hilo, na sokwe wakasukumwa juu zaidi mlimani. Dawa safi nayo ina gharama yake.

Kazi za kituo cha Odhiambo zilikuwa nyingi, nasi hatutazitaja zote. Walishughulika na kupe, viwavijeshi, mchwa, na funza wabomoao mabua ya mahindi na mtama. Huko Nguruman, katika nchi ya Wamasai karibu na Magadi, wataalamu walitengeneza mtego wa mbung'o wa kitambaa cha buluu na cheusi ambao wanakijiji waliweza kuushona wenyewe, na chambo chake kikubwa kilikuwa mkojo wa ng'ombe, kwa maana mbung'o huifuata harufu hiyo. Wafugaji hawakuhitaji kununua chambo hicho.

Heshima zilimjia. Mwaka 1987 alipewa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal, Tuzo ya Afrika ya Uongozi kwa ajili ya kuondoa njaa, na yalikuwa mara yake ya kwanza kutolewa. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 aliongoza kuundwa kwa Chuo cha Sayansi cha Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Aliandika pia vitabu vya watoto, jambo ambalo maprofesa wengi huliona dogo.

Hata hivyo hatungekuwa wakweli kama tungesema kwamba mambo yote yalimnyokea. Walikuwapo waliolalamika, na baadhi yao ndio waliokuwa wakitoa fedha, kwamba kituo kinasoma tezi na harufu za wadudu miaka nenda miaka rudi ilhali mkulima bado analia. Lawama hiyo haikuwa bure kabisa. Mkulima hali shahada. Lakini twaona walalamikaji walikosea hesabu ya muda, kama anayeing'oa mbegu kila asubuhi ili aone kama imeota. Mwaka 1994, baada ya kuongoza tangu mwanzo, Odhiambo aliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na Mswisi Hans Herren, yule aliyekuwa ameongoza kutoka Ibadan vita vya kuuokoa muhogo wa Afrika kwa kumleta nyigu kutoka Amerika ya Kusini.

Yaliyofuata ndiyo yanayotoa jibu. Huko Mbita, katika miaka ya mwisho ya uongozi wa Odhiambo, watafiti walikuwa wameanza kuuliza ni majani gani ya porini ambayo nondo wa mabua huyapenda kuliko mahindi, na ni yapi anayoyakimbia. Kwa maswali hayo wakapata njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi ili harufu yake imfukuze nondo, na matete pembeni ili yamvute nje. Ikatokea pia kwamba desmodiamu huliua gugu lile baya liitwalo kiduha, na kurutubisha udongo, na kulisha ng'ombe. Njia hiyo, inayojulikana kwa jina la sukuma-vuta, imefika katika nchi nyingi za Afrika, Rwanda ikiwamo. Hakuna ambaye angeibuni bila ya kwanza kukaa miaka akimsoma nondo.

Na kabichi je? Nondo wa mgongo wa almasi alikuja na kustawi katika milima yetu, lakini nyigu wa kienyeji walimpunguza kidogo tu. Watafiti wa ICIPE wakaona kwamba pamekosekana adui wake anayefaa nchi za baridi, wakamleta kutoka Taiwan nyigu mmoja mdogo mweusi, Diadegma semiclausum, ambaye asili yake ni Ulaya. Nyigu huyu hutaga yai lake ndani ya kiwavi kichanga. Yai likaanguliwa na kumla kiwavi kwa ndani, hata siku ambayo kiwavi angejigeuza kuwa nondo, anayetoka ni nyigu mwingine. Hamchomi mtu, wala hana haja na kabichi. Anachomwomba mkulima ni kitu kimoja: apunguziwe sumu, na aachiwe maua machache pembezoni mwa bustani apate asali.

Walimfungulia Julai 2002 katika vilima vya Taita, nchini Kenya, mahali pa baridi na mboga nyingi kama Busasamana. Baadaye akapelekwa Tanzania na Uganda. Profesa Odhiambo alikuwa ameondoka kituoni miaka minane kabla, na kazi hiyo haikuwa yake, ingawa nyumba ilimofanyika aliijenga yeye. Alifariki tarehe 26 Mei 2003, na kituo cha Mbita kikapewa jina lake. Wakati huo nyigu walikuwa wamekaa Taita miezi kumi. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2004 watafiti walipohesabu walikuta kwamba viwavi walioingiliwa na nyigu wamepanda kutoka takribani 14 hadi zaidi ya 50 katika kila 100, na kwamba pale ambapo kila kabichi ilikuwa na viwavi zaidi ya watano, sasa hapakuwa na hata mmoja kamili kwa kila kabichi.